Kimo Hakina Mzani: Na Tela la Magari Hadi Robanda

Tela la kubeba magari halijai kwa uzito, linajaa kwa kimo. Lori la saruji likishapata tani zake, mzigo hauchungulii hata juu ya bodi, ila ekseli zinaumia. Tela la magari ni kinyume: ukiliona kwa mbali utadhani limebeba ghorofa, lakini likikanyaga mzani linasomeka jepesi. Hatari yake iko juu, kwenye nyaya na matawi, na iko nyuma, kwenye gari lililofungwa vibaya na dereva asijue hadi kioo cha pembeni kimwoneshe.

Niliomba nafasi kwenye kichwa cha tela la namna hiyo lililokuwa likitoka Arusha kwenda Robanda, kijiji cha Wilaya ya Serengeti kilicho jirani kabisa na Hifadhi, upande wa Ikoma. Mzigo ulikuwa wa kambi ya watalii: Land Cruiser mbili za wazi, zile zisizo na milango wala vioo vya pembeni, viti vyake vimepanda ngazi ili abiria wa nyuma aone juu ya kichwa cha wa mbele, Land Cruiser ya tatu, yenye paa la kufunguka, na Kirikuu moja ya kubebea mboga na magunia ya mkaa.

Mtu atauliza kwa nini magari yabebwe wakati yana matairi. Arusha hadi Serengeti ni kilomita 335 kwa njia ya Karatu, Ngorongoro na lango la Naabi, na Robanda iko ng'ambo tu ya lango la Ikoma. Lakini gari la wazi ukiliendesha kwenye baridi ya ukingo wa Ngorongoro na vumbi la Naabi, litafika viti vimeshiba mchanga na dereva hoi. Kirikuu nayo, kwa yale makorogesheni, ingefika na nusu ya nati zake. Na tela lenyewe halipiti kule. Kona za ukingo wa kreta si za tela refu lenye tumbo karibu na ardhi, na barabara za Hifadhi hazikuwekwa kwa ajili yake. Kwa hiyo tulizunguka: Makuyuni, Babati, Singida, Shelui, Nzega, Shinyanga, Maswa, Bariadi, Lamadi, Bunda. Zaidi ya kilomita 800 kumfikia jirani wa upande wa pili.

Upakiaji ulifanyika kwenye yadi upande wa Kisongo, na hapo ndipo nilipotumia muda wangu mwingi nimekodoa macho. Dereva, mtu wa makamo asiyepandisha sauti, hakuanza na magari. Alianza na futi. Alipima kimo cha kila gari, akaandika kwa chaki ubavuni mwa tela, kisha akapima kina cha tumbo la tela, pale sakafu inaposhuka kati ya shingo na ekseli za nyuma. Sakafu ya chini ilikuwa sentimita 70 kutoka ardhini. Akajumlisha kichwani, akaita fundi wa yadi.

"Maturubai yote mawili yashuke. Na fremu zake. Na viti vya nyuma kabisa."

Fundi alifungua bolti moja baada ya nyingine, fremu za turubai zikalazwa ndani ya magari yenyewe zikiwa zimefungwa kwa kamba, viti vikafuata. Vioo vya mbele vya magari haya vina bawaba. Vilikunjwa vikalala juu ya boneti, chini yake pakawekwa godoro kuukuu ili visigongane na bati. Gari lililokuwa refu kuliko mtu aliyenyoosha mkono likabaki mita moja na nusu na kidogo. Antena za redio, ambazo kwenye magari ya porini ni ndefu kama fimbo ya kuchungia ng'ombe, zilizungushwa zikatoka na kuwekwa kwenye kichwa cha lori nyuma ya kiti changu.

Cruiser mbili zikaingia sakafu ya chini. Ghorofa ya juu ikashushwa kwa haidroli hadi ikabaki nafasi ya ngumi kati yake na gari la chini, kisha Kirikuu ikapandishwa juu taratibu, utingo akitembea nyuma ya gari huku anaelekeza kwa viganja: njoo, njoo, lala kulia, simama. Juu kabisa ya Kirikuu hadi ardhini, futi ilisoma mita 4.2.

Nilipenda kujua kwa nini Kirikuu inakaa pale vizuri hivyo. Ni kwa sababu yenyewe ni zao la sheria ya vipimo. Japani ina daraja la magari madogo yanayotozwa kodi nafuu, na tangu 1998 mipaka yake ni urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na kimo cha mita 2. Kiwanda kikizidisha kidogo tu, gari linatoka kwenye daraja hilo. Kilichoundwa kwa ajili ya vichochoro na kodi za kule leo kinapeleka nyanya hadi mpakani mwa Serengeti.

Ugomvi ulikuja kwa gari la nne. Cruiser ya paa la kufunguka haina cha kupunguza. Ukiondoa keria na tairi la akiba bado ina mita mbili na ushei, na sakafu ya chini ilikuwa imejaa. Ikipanda ghorofani, kimo cha jumla kinavuka mita 4.6. Sheria zetu za Afrika Mashariki zinataka mzigo wa kawaida uishie mita nne na ushei.

Mwenye mzigo alikuwa pale, na hoja zake hazikuwa za kipuuzi. Alilipia magari manne. Njia nzima hiyo, akasema, haina daraja la juu hata moja. Na mzani unapima tani, haupimi kimo.

"Kaka, tunagombana kwa sentimita 40?"

"Bosi, sentimita 40 ndizo zinazokata waya wa watu."

"Basi tukate kibali cha mzigo maalumu."

Dereva akatikisa kichwa. Kibali cha namna hiyo ni cha mzigo usiogawanyika: transfoma, katapila, boila la kiwanda. Huo unasafiri mchana, na gari la kusindikiza mbele, na vitambaa vyekundu pembeni. Magari manne juu ya tela yanagawanyika. Shusha moja, umekwisha kugawa. Mwenye mzigo alinyamaza, akapiga simu, na Cruiser ile ikapewa dereva wake mwenyewe apite nayo Ngorongoro. Nilimheshimu kwa hilo. Alikuwa anapoteza fedha mbele ya macho yetu na angeweza kutafuta tela lingine lenye dereva mwepesi wa kukubali, maana wapo.

Kufunga nako kuna elimu yake. Mikanda ilipita juu ya tairi, si kwenye chasisi. Ukifunga chasisi, gari linacheza juu ya springi zake kila shimo, mkanda unalegea na kukaza, unalegea na kukaza, hadi unakatika au unajifungua. Ukifunga tairi, bodi inacheza ipendavyo lakini gari halisogei. Kila tairi lilipata kabari mbele na nyuma, gari likaachwa kwenye gia na hendibreki. Utingo alitaka kupunguza upepo wa matairi ya Kirikuu ili kimo kishuke sentimita mbili tatu, ujanja ninaoambiwa ni wa kawaida. Dereva alikataa. Tairi lenye upepo mdogo linabonyea njiani, na likibonyea mkanda unapwaya.

Mwisho alichukua mwanzi mrefu, akausimamisha kando ya Kirikuu, akaongeza kiganja kimoja juu ya paa na kuchora mstari mwekundu. Mwanzi ule ukafungwa ubavuni mwa tela.

Makuyuni ulikuwa mzani wetu wa kwanza, na ulithibitisha kila kitu. Tangu 1 Machi 2019 Tanzania inatumia Sheria ya Kudhibiti Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki: tani 8 kwa ekseli ya usukani, 18 kwa ekseli mbili zilizofuatana zenye matairi pacha, 24 kwa ekseli tatu, na gari zima lisivuke tani 56 hata likiwa na ekseli saba. Sisi tulikuwa na ekseli tano, yaani tani 44 halali. Skrini ilionesha 24 na kidogo. Tungeweza kuongeza tembo watatu wakubwa na bado tukapita.

Sheria ya uzito ina sababu nzito. Kati ya 1958 na 1960 Wamarekani walijenga barabara za majaribio Ottawa, jimbo la Illinois, wakazungusha malori juu yake mchana na usiku, wakagundua kwamba uharibifu hauongezeki sambamba na uzito: ekseli ikibeba mara mbili, lami inaumia takribani mara 16. Mizani yetu yote imesimama juu ya hesabu hiyo. Lakini inailinda barabara. Anayelindwa na kimo na upana ni mtu: mama aliyekaa kibandani chini ya waya, kijana wa bodaboda anayepishana nasi, abiria wa basi linaloifuata Kirikuu iliyofungwa kwa kamba ya katani. Kwa maoni yangu mlango wa chuma wa kupima kimo ungesimama kwenye kila mzani ungekuwa na faida kubwa kuliko gharama yake. Mzani unamkamata mwenye saruji. Mwenye ghorofa la magari anabaki na dhamira yake.

Baada ya Makuyuni tulisimama kandokando ya njia, mbali na kona, kukaza mikanda. Mikanda yote hulegea kilomita za mwanzo, hata ifungwe na nani, kwa sababu magari yanakaa sawa kwenye nafasi zake. Utingo alipita akiipiga kila mmoja kwa kiganja na kusikiliza sauti. Uliokaza unalia.

Babati, kisha Katesh, Mlima Hanang umejaa dirisha zima. Ubavu wake bado una kovu la Desemba 2023, tope liliposhuka na kuua watu zaidi ya 80. Kichwani mwa lori hakuna aliyezungumza hadi mji ulipobaki nyuma.

Singida ni nchi ya upepo, na upepo ni adui wa magari yaliyobebwa. Gari likipakiwa likitazama nyuma, mlango wake unageuka tanga: komeo likikosea kidogo, kasi ya kilomita 80, ambayo ndiyo kikomo cha magari makubwa kama letu, inatosha kuufungua na kuung'oa. Ndiyo maana yetu yote yalitazama mbele. Hata hivyo, pembe ya turubai iliyokuwa imefungwa ndani ya Cruiser ilichomoka ikaanza kupiga makofi. Dereva aliiona kiooni kabla sisi hatujasikia, akatafuta sehemu pana, akashuka kuifunga mwenyewe.

Mlima Sekenke tuliushuka kwa gia ndogo iliyochaguliwa juu, kabla ya mteremko kuanza. Ukingoja uko katikati ya mteremko ndipo utafute gia, umechelewa. Kushuka kunageuza hesabu yote ya kufunga: magari yanataka kwenda mbele, na kinachoyashika ni mikanda ya nyuma na kabari za mbele. Kando ya njia kulikuwa na lori lililopinduka siku nyingi, limebaki fremu tupu. Tulipofika Shelui, dereva aliweka mgongo wa mkono karibu na kila ringi kusikia joto la breki, akaridhika, tukanywa chai.

Tinde tulipima tena; uzito uleule. Shinyanga ilipita, na Mwigumbi tukakata kulia kuelekea Maswa na Bariadi, barabara ambayo zamani ilikuwa ya vumbi na sasa imetandikwa lami hadi Lamadi. Ukitokea Lamadi unaelekea Bunda, ziwa liko kushoto na Hifadhi kulia, na lango la Ndabaka liko palepale barabarani. Pundamilia wanakula majani hatua chache kutoka kwa wauza samaki. Mzani wa Rubana ndio uliokuwa wa mwisho. Mpimaji alitazama skrini, akatazama juu, kwenye Kirikuu, akatabasamu. "Hii mmeipandisha vizuri." Kwa safari nzima hiyo ndiyo mara pekee ofisa alipotazama juu.

Bunda tuliacha barabara kuu, tukashika ya Nyamuswa kwenda Natta. Lami huku inakuja kwa vipande, kipande cha mkandarasi, kipande cha udongo, mchepuko, tena lami. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha, ila udongo mweusi wa mbuga ulikuwa bado laini pembezoni, na dereva alikataa kabisa kulitoa tairi nje ya tuta hata basi lilipopiga honi nyuma yetu. Tumbo la tela lingekaa juu ya tuta, na hapo hata greda lisingetusaidia upesi. Baada ya Natta mwendo ulikuwa wa kutembea. Migunga imeinamia njia. Utingo alitangulia kwa miguu na ule mwanzi, akiunyanyua kwenye kila tawi lililotiliwa shaka. Tawi lililogusa mwanzi tulilikwepa, au lilikatwa kwa panga baada ya kuulizana na mwenye shamba.

Kwenye nyumba za mwanzo za Robanda mwanzi uligonga waya. Haukuwa wa nguzo za mtandao, ulikuwa waya wa mtu aliyejivutia umeme kutoka dukani kwenda bandani ng'ambo ya njia, ukaning'inia katikati. Nimeona kwingine utingo akipandishwa juu ya mzigo na kijiti mkononi ainue waya wakati lori linapita chini, na nimesikia jinsi baadhi ya safari hizo zilivyoisha. Dereva wetu alizima injini.

"Shikamoo mzee," alimwambia mwenye duka.

"Marahaba. Karibu."

"Mzee, waya wako uko chini. Nikipita nitakukatia umeme, au nitaua kijana wangu. Tuuzime, tuuinue, tupite."

Mzee hakukasirika. Aliingia ndani akazima swichi kuu, akatoka na vijana wawili na miti miwili ya mkaratusi. Waya ukachomolewa, miti ikachimbiwa pande zote mbili za njia, na kwa muda tuliokuwa tukingoja nilikaa naye kwenye benchi la duka.

Aliniuliza tumetokea wapi, nikamwambia. Akacheka kidogo, si kwa kutudharau. Cruiser ya paa la kufunguka ilikuwa imepita hapo mapema mno, ilitokea Ikoma na imeshafika kambini. Nilimuuliza kama haimuudhi kwamba Arusha iko karibu hivyo na mzigo lazima uzunguke nchi nzima. Akasema saruji inamuudhi. Mfuko unafika Robanda na nauli ya Bunda juu yake. Lakini anakumbuka pia mipango ya 2010 ya barabara kuu ya kukata kaskazini mwa Serengeti, na kesi iliyofunguliwa na shirika la kutetea wanyama kutoka Nairobi, hadi Mahakama ya Afrika Mashariki ilipoamua Juni 2014 kwamba barabara ya lami ndani ya Hifadhi ingevunja mkataba wa Jumuiya. Kijiji chake ni kimoja kati ya vitano vya hifadhi ya jamii ya Ikona, pamoja na Makundusi, Nata-Mbiso, Nyichoka na Park Nyigoti. Ardhi yao waliitenga kwa wanyama, na kambi zinalipa kwa sababu nyumbu wakitoka kusini hupitia huku wakiutafuta Mto Grumeti.

"Tela kama lenu," akasema, "likipita kule usiku kwa mwendo wa lami, nyumbu watapita wapi?"

Nakubaliana naye, na naona Robanda inastahili kulipwa fidia ya ule mzunguko kwa njia nyingine, angalau kwa barabara ya Natta kumalizika na kudumu. Anayelinda kitu kwa niaba ya dunia asinunue saruji kwa bei ya adhabu.

Kambini tela halikufika. Lilibaki kwenye uwanja tambarare ukingoni mwa kijiji, matairi ya tela yamewekewa kabari. Kirikuu ilishuka kwanza ghorofa lilipolazwa. Kabla ya mkanda wowote kufunguliwa dereva alihakikisha kuna mtu ndani ya gari na mguu uko kwenye breki, kwa sababu gari lililobanwa kwa safari ndefu huruka kidogo linapoachiwa. Cruiser zikafuata kinyumenyume. Fundi wa kambi alisimamisha vioo, akarudisha viti na fremu bolti kwa bolti huku watoto wakihesabu kwa sauti, na maturubai yalipotandazwa vumbi la mikoa saba lilimwangukia usoni.

Kulikuwa na mzigo wa kurudi: Cruiser ya zamani iliyokufa gia boksi, inayokwenda karakana Arusha. Ina paa gumu na keria iliyochomelewa. Mwenye gari alitaka ipande ghorofani, ili chini ziwekwe mbao na magodoro ya kambi. Dereva alikwisha kutoa futi mfukoni.

"Itakaa chini," akasema baada ya kupima. "Magodoro yatafute lori lake."

Wakaivuta kwa winchi hadi sakafu ya chini, na utingo akaenda kufuta ule mstari mwekundu kwenye mwanzi ili achore mwingine.